Hohner Special 20 ya C, na swali la mkono gani wa kuishikia (natumia mashoto)

Nina miezi saba na hii harmonika sasa (kile kifaa kidogo cha kupuliza mdomoni), Hohner Special 20 ya C, yaani noti zake ni za ufunguo wa C, na nilisema siandiki kitu mpaka nipate jibu la mkono. Nimelipata. Kwahiyo mtanisamehe, nitasifia kifaa lakini sehemu kubwa ntaongelea mikono, maana hapo ndo nilipopotezea muda kuliko sehemu nyingine yoyote, na naona kila anayeanza akiuliza anajibiwa kwa mkato "shika kushoto" basi, sababu hapewi.

Mi natumia mashoto. Naandika kushoto, nyundo kushoto, chapati nageuza kwa kushoto. Kula tu ndo kulia, bibi yangu hakuwa na mchezo kwenye hilo, ukinyoosha kushoto kupokea kitu anakirudisha kwake anakutazama kimya mpaka ubadilishe. Namshukuru kwa hilo, mpaka leo mtu mzima nampa kitu kwa kulia. Ila kazi yoyote ya kutaka ufundi wa vidole inaenda kushoto yenyewe bila mi kuwaza.

Ya kwanza kununua haikuwa hii. Nilinunua duka moja Kariakoo, bei rahisi, ile ndefu yenye matundu safu mbili juu na chini. Ile kila noti ina ndimi mbili, yaani vibati vyembamba vinavyotikiswa na pumzi, moja imepandishwa kidogo kuliko mwenzake, zikilia pamoja sauti inatetemeka yenyewe. Nzuri kwa nyimbo za taratibu, ila ni ndefu, viganja haviwezi kuifunika yote, kwahiyo ushike kushoto ushike kulia sauti ni ileile. Wiki ya tatu matundu mawili yakafa na upepo ukawa unatokea pembeni, nikirudisha wakasema hairudishwi. Yameisha hayo.

Special 20 nikaagiza nje kupitia mtu anayesafirisha mizigo, mpaka inafika mkononi ilinila kama laki na nusu. Ni hela. Ila siku ya kwanza tu nimeipuliza pumzi ya kawaida kabisa, kama unapulizia chai, na ikalia. Ile ya mwanzo nilikuwa navimba mashavu. Sababu iko kwenye ujenzi wake: katikati ni plastiki, na zile sahani za shaba zenye ndimi zimezamishwa ndani ya plastiki badala ya kulazwa juu yake, kwahiyo upepo haupotei na mdomo haukwaruzwi na kona za chuma. Kampuni hiyohiyo ya Hohner wana harmonika nyingine, Marine Band, wameanza kuitoa 1896, hiyo katikati ni mti wa mpeasi na wapenzi wa blues, ule muziki wa Wamarekani weusi, wanaiapia, lakini mti unakunywa mate unavimba, na kwa mtu anayejifunza kila siku saa zima mi namshauri plastiki. Hohner wenyewe wako kwenye hii kazi tangu 1857, mji wa Trossingen huko Ujerumani, na wanatengeneza kodiani pia, na ukifikiria kodiani na harmonika ni ndugu, zote upepo unapita kwenye ulimi wa chuma ulimi unatikisika. Moja inasukumwa na mikono, nyingine na kifua.

Sasa mkono.

Kifaa kina urefu kama sentimita 10 tu, matundu 10, kila tundu lina noti ya kupuliza na noti ya kuvuta. Namba 1 mpaka 10 ziko juu ya kava, ukiziona zimekuangalia ujue upande wa kushoto ndo besi na kulia ndo sauti nyembamba, sawasawa na kinanda. Wanaofundisha wote wanasema: kushoto kwako inabana, kidole gumba chini, cha shahada juu, na kiganja cha kulia kinakuja kufunika kwa nyuma. Nikafuata hivohivo miezi miwili. Noti zilikuwa safi, nyimbo za kanisani za kawaida nilikuwa napiga, lakini ile "wa-wa-wa" ambayo ndo ilinifanya niitamani harmonika toka mwanzo ilikuwa haitoki. Kiganja cha kulia kinafunguka kimechelewa, kinafunga kabla noti haijaisha, kama mtu anayepiga makofi nje ya ngoma.

Siku moja umeme umekatika nimekaa kibarazani, nikaibadilisha mkono bila kupanga. Kulia ikabana, kushoto ikafunika. Nikavuta tundu la 4 nikafungua kiganja taratibu, na noti ikafunguka nayo, yaani unasikia imetoka gizani imekuja mlangoni. Nikarudia pengine mara 50. Mama akauliza ndani huyo mtoto anayelia ni wa nani.

Hapo ndo nilielewa, na ndo kitu nataka mtu anayenunua aelewe: mkono unaoshika hauna kazi kubwa, unabana tu kama kibanio cha nguo. Kazi iko kwenye mkono wa pili. Ule ndo unafungua na kufunga, ndo unatetemesha, ndo unafanya sauti iwe ya mbali au ya karibu. Wanasema shika kushoto kwa sababu watu wengi ni wa kulia, na kulia kwao inatakiwa iwe huru ifanye ufundi. Ukiifuata hiyo sababu yenyewe, wa mashoto anatakiwa abane kwa kulia. Hakuna aliyekosea, ni kwamba jibu limekuwa likitolewa bila swali lake.

Ila chunga hapa, kubadili mkono sio kugeuza harmonika. Mi nabana kwa kulia lakini namba bado ziko juu na besi bado iko kushoto, kwahiyo namba zote za kujifunzia nyimbo zinasomeka vilevile, 4 ni 4. Wapo walioipindua kabisa, namba chini besi kulia, na walikuwa wapiga blues wakubwa: Sonny Terry alipiga hivyo, Paul Butterfield wa Chicago naye hivyo. Inawezekana. Lakini ukianza hivyo leo, kila video utakayoangalia lazima uigeuze kichwani kwanza, na ukishazoea miaka miwili kurudi ni kazi. Kama hujaanza, usiipindue.

Na kuna wa aina moja ambao hata wakiwa mashoto nawaambia washike kushoto wavumilie: wanaotaka kuhamia kwenye kromatiki, harmonika yenye noti zote hadi zile za funguo nyeusi za kinanda, ile aliyokuwa anapiga Toots Thielemans, anayopiga Stevie Wonder. Ile ina kitufe cha kubonyeza upande wa kulia, kwahiyo kulia ina kazi yake tayari. Wapiga gitaa wanaovaa harmonika shingoni kwenye kile kishikizo cha waya, nyie hamhitaji mkono wowote, ila hiyo wa-wa muisahau.

Kasoro za Special 20? Zipo. Hii moja inapiga C tu, ukitaka kupiga na wenzako wa gitaa walioko kwenye sauti nyingine unahitaji ya pili na ya tatu, na kila moja ni hela ileile. Tundu la 2 na la 3 kuvuta zinasumbua mwanzoni, utadhani ni mbovu, sio mbovu ni koo lako halijalegea, na kukunja noti (kuishusha sauti kwa pumzi na mdomo) kwenye tundu la 3 bado sijaweza zote tatu. Ukipuliza kwa nguvu kila siku ulimi unachoka unapoteza sauti, kwahiyo pole pole. Nikimaliza naigonga kiganjani matundu yakiwa chini mate yatoke, naiacha ikauke kidogo kabla sijairudisha kwenye kasha lake, na mpaka leo noti zote 20 zinalia.

Kama bado hujanunua na hujui we ni mkono gani, chukua kitana. Kibane mdomoni kwa mkono mmoja, funika kwa mwingine, sema "uuu" halafu fungua kiganja iwe "uuuwaaa", mara 20 za haraka. Badilisha mikono urudie. Mkono uliofungua bila kuchanganya mapigo ndo uuache huru, kitana kibaki kwenye ule mwingine.