Supa gluu na mafuta ya kitani kwenye kalamu za mbao: uzoefu wangu

Kalamu hushikwa kutwa na vidole vyenye jasho, kisha inatupwa mfukoni pamoja na funguo. Nta hupendeza siku za mwanzo tu, jasho linaiondoa. Polishi ya shelaki (aina ya vanishi ya asili) inang'aa ndani ya dakika moja, lakini shelaki huyeyuka kwa spiriti, na siku hizi kila mtu anajipaka sanitaiza. Kwa kalamu inayotakiwa ing'ae kama kioo na idumu hivyo, nimetulia kwenye supa gluu na mafuta ya kitani.

Wengi hudhani vitu hivi viwili vinachanganywa nusu kwa nusu. Sivyo. Gundi ndiyo ganda lenyewe. Mafuta yanalainisha tishu isinase gundi inapoanza kukaza, na yanaipa gundi nafasi ya kutandaa sawasawa. Yakizidi hubaki katikati ya mkono (tabaka) mmoja wa gundi na mwingine, na ganda linakuwa laini lenye ukungu. Kipimo changu ni tone moja la mafuta kwa matone mawili au matatu ya gundi, na nikikosea, afadhali mafuta yapungue.

Mafuta yawe yale yanayouzwa kama "yaliyochemshwa", yaani yenye dawa ya kukausha. Mabichi huchukua siku nyingi kukauka, na chini ya gundi hayakauki vizuri. Gundi nanunua za aina mbili: nyepesi kama maji kwa kuziba vinyweleo vya mbao, na ya uzito wa kati kwa kujenga unene. Vile vityubu vya gramu 3 vya dukani vinafaa kwa majaribio, ila gundi yake kwa kawaida ni nyepesi tu, na ukishafungua haikawii kuganda. Gundi hii hukazwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo Pwani hukauka haraka kuliko bara. Chupa isiyofunguliwa naiweka kwenye friji, na nikiitoa siifungui mpaka ubaridi uishe, maana umande ukiingia ndani imeharibika.

Mbao lazima iwe kavu. Baada ya kukereza napiga msasa namba 150, 240, 320, 400 hadi 600, na kwa kila namba nasimamisha kerezo (mashine inayozungusha mbao) na kusugua kwa urefu, kufuata nyuzi. Mikwaruzo ya kuzunguka huonekana zaidi chini ya ganda linalong'aa kuliko kwenye mbao tupu. Vumbi naondoa kwa tishu yenye asetoni, nasubiri ikauke kabisa. Kisha natoa bushi za chuma (pete zinazoishika mbao kwenye kerezo pande zote mbili) na kuweka koni za plastiki ya polithini, ambayo gundi haiishiki. Ukibaki na bushi za chuma, kata kuzunguka pale bushi inapokutana na mbao kwa kisu chenye makali kabla ya kuvuta, la sivyo ncha za ganda zitameguka.

Kerezo naliendesha mizunguko 600 hadi 800 kwa dakika. Napiga mikono miwili ya gundi nyepesi bila mafuta. Halafu natia tone la mafuta kwenye tishu iliyokunjwa, naishikilia chini ya kalamu, nadondosha gundi ya kati juu, na kutembeza tishu kulia na kushoto kwa sekunde tano au sita bila kukandamiza. Ukihisi tishu inaanza kuvuta, ondoa mkono hapohapo. Kurudi kupitisha "mara moja tu" ndiko kunakoleta matuta. Mikono minane hadi kumi inatosha, kila mmoja ukisubiri dakika moja. Sipulizi dawa ya kuharakisha: ikipulizwa karibu, gundi inatoa povu jeupe ambalo halitoki ila kwa kulikwangua lote.

Kalamu nailaza usiku mzima. Kesho yake nasawazisha kwa msasa wa maji namba 600 kama kuna matuta, kisha pedi za kung'arishia kutoka 1500 hadi 12000, kwa maji. Kabla ya hapo ziba ncha mbili za mbao kwa gundi. Maji yakipenya hapo, ganda linabanduka na doa jeupe linatambaa ndani.

Kuhusu usalama, usitumie kitambaa cha pamba, kwani gundi ikikutana na pamba hutoa joto la kuunguza. Hata tishu hupata moto, basi tumia kidogo kidogo. Tishu zenye mafuta ya kitani zikirundikwa zinaweza kuwaka zenyewe. Zitandaze nje zikauke, au zilowekwe majini. Vaa miwani, fungua madirisha. Mvuke wa gundi unachoma macho.

Mninga unapendeza sana kwa njia hii, kwa sababu mafuta yanakoleza wekundu na mistari yake. Mvule na mwembe wenye madoa pia. Mbao nyeupe kama mchungwa, acha mafuta, piga gundi peke yake, kwani kitani huzipa umanjano. Mpingo siupaki kabisa. Una mafuta yake ya asili, kwa hiyo hata ukiufuta kwa asetoni ganda huweza kubanduka baadaye. Tena ukiusugua kwa pedi hadi 12000 na kuupaka nta kiasi, unang'aa wenyewe, na mkononi unabaki mbao, wala haugeuki plastiki.