Kiraka cha draiva ya kipimajoto: kazi nzuri, mlango umeachwa wazi

Hewa ya chumvi ya bandari ya Kilindini haina huruma na vibandiko. Fundi anayekagua vipimajoto vya makontena ya baridi hukuta karatasi imechujuka, nambari haisomeki, na hajui kifaa kipi ni kipi mpaka afungue kasha. Kiraka hiki, yaani badiliko la msimbo wa draiva ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, kimekuja kutibu hilo: kinaongeza faili iitwayo `serial` chini ya /sys, saraka ambamo kerneli huonyesha habari za vifaa, na ukiisoma unapata nambari ya mfululizo iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani. Wazo zuri. Tatizo ni ruhusa.

Faili imewekwa 0444, yaani programu yoyote ya mtumiaji yeyote kwenye mashine inaisoma. Nambari hii si kama nywila ambayo ikivuja unaibadilisha. Futa diski, sakinisha mfumo upya, bado ni ile ile. Anayetaka kumfuatilia mtu amepata alama isiyofutika. Linux yenyewe ilishaliona hili: ndani ya /sys/class/dmi/id, penye habari za kompyuta yenyewe, `product_name` ni 0444 lakini `product_serial` ni 0400, yaani inasomwa na rooti (msimamizi mkuu wa mashine) peke yake. Atatokea wa kutaja `serial_number` ya soc0, yaani ya chipu kuu ya mashine, ambayo iko wazi kwa wote. Ni kweli, ila ile imeshatoka, na kerneli haivunji kilichokwisha kutumika. Hii ndiyo kwanza inazaliwa. Dawa ni neno moja tu: badala ya DEVICE_ATTR_RO, inayoweka 0444, andika DEVICE_ATTR_ADMIN_RO, inayoweka 0400. Programu ya kawaida ikihitaji kitambulisho, huduma ya rooti iipe heshi (alama inayokokotolewa, isiyorudishika kuwa asili yake) ya nambari iliyochanganywa na jina la programu hiyo, si nambari yenyewe.

Kisha kuna jibu la I2C, njia ya nyaya ambayo chipu huzungumza na kompyuta, ambalo kiraka hakilikagui. Waya ukilegea, baiti zote 16 zinabaki sifuri, na faili inaonyesha sifuri 32 kana kwamba ndiyo nambari. Vifaa vitatu vyenye nyaya mbovu vitaingia daftarini kama kifaa kimoja! Nambari isomwe mara moja ndani ya probe, sehemu ya draiva inayoendeshwa kifaa kinapotambuliwa, na kuhifadhiwa. Ikishindikana, kipimajoto kiendelee na kazi yake lakini kusoma faili kurudishe -EIO, yaani kosa la kusoma kifaa. Uchapishaji ufanywe kwa sysfs_emit na "%*phN\n", si sprintf. Kupima ni rahisi: `cat serial | wc -c` itoe 33, tarakimu 32 na mwisho wa mstari.

Kosa linalosumbua zaidi kulisaka ni la mpangilio. Kiraka kinaita device_create, inayounda kifaa, halafu device_create_file, inayoongeza faili. Tangazo la "add", la kwamba kifaa kipya kimeingia, hutoka ndani ya ile ya kwanza, kwa hiyo udev, programu inayosikiliza matangazo hayo na kutekeleza kanuni zako, inaweza kufika kabla faili haijakuwepo. Leo kanuni yako ya udev inafanya kazi, kesho mashine ikiwashwa haifanyi. device_create_with_groups, inayounda kifaa na faili zake kabla ya tangazo, inalimaliza.

Maelezo ya Documentation/ABI/testing, mahali ambapo kila faili mpya ya /sys huelezwa, hayamo kabisa. Kiraka kirudishwe kwa mwandishi wake.

Aliyekwisha kukisakinisha asijitulize kwa kanuni ya udev ya kufanya chmod 0400 (kubadilisha ruhusa ya faili): inategemea tangazo lile lile linalotangulia faili, na siku udev ikiwahi, chmod haitapata cha kufunga. Hariri mistari iliyotajwa hapo juu, jenga moduli ya draiva upya na kuipakia, kisha jaribu `sudo -u nobody cat serial`. Ikikupa nambari, mlango bado uko wazi.