UpdraftPlus ya bure kwa tovuti ndogo: tathmini kutoka Mwanza

Kati ya plagini (programu za nyongeza) za WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, zinazotengeneza nakala rudufu, UpdraftPlus ndiyo ninayoiweka kwanza kwenye tovuti ninazozihudumia hapa Mwanza. Wengi huisifu kwa urahisi wa kutengeneza nakala, kazi ambayo karibu kila plagini ya aina yake huifanya vizuri. Mimi naipima kwa kurejesha: tovuti ikiharibika saa nne asubuhi, je, mtu asiye mtaalamu, mwenye bando dogo na kompyuta ya kuazima, ataweza kuirudisha kabla wateja hawajaanza kupiga simu? Kwa kipimo hicho toleo la bure linastahili alama za juu, ingawa lina mapengo ambayo mwenye tovuti asipoyajua ataamini kwamba ana nakala ya kila kitu, na sivyo.

Tovuti ninazozizungumzia ni za biashara za kawaida za mji huu: nyumba ya wageni ya Capri Point inayotegemea picha za vyumba na mwonekano wa ziwa, duka la nyavu na vifaa vya uvuvi jirani na mwalo wa Kirumba, shule ya awali upande wa Nyegezi inayotundika fomu za kujiunga. Hakuna iliyoajiri mtaalamu wa kudumu. Kijana fulani aliijenga tovuti, akalipwa, kisha akahamia Dar es Salaam au akapata ajira kwingine, na mwenye mali akabaki na karatasi yenye nywila mbili tatu. Seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, mara nyingi iko Ulaya au Marekani, na mwenye tovuti hajui hata jina la mji ilipo. Plagini ya nakala rudufu inayofaa mazingira haya lazima ifanye kazi bila mtu kuisimamia, na siku ya shida imwelekeze mtu ambaye hajawahi kuifungua.

UpdraftPlus hupatikana bure kwenye hazina ya WordPress na imewekwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 3. Hugawanya nakala katika mafungu matano: hifadhidata (yenye maandishi ya kurasa, watumiaji na oda), plagini, mandhari (yaani sura ya tovuti), picha na nyaraka zilizopakiwa, na mengineyo yaliyomo ndani ya wp-content, folda kuu ya vitu vya tovuti. Kila fungu huwa na faili lake lenye tarehe na saa kwenye jina, na fungu la picha likiwa kubwa hukatwa vipande vya megabaiti 400 hivi. Faida yake huonekana siku plagini moja inaposasishwa na kuangusha tovuti nzima, tukio ambalo kwa uzoefu wangu hutokea mara nyingi kuliko udukuzi. Hapo hurejeshwa fungu la plagini peke yake, na oda zilizoingia asubuhi ile hubaki salama ndani ya hifadhidata ambayo haikuguswa.

Ratiba nayo imegawanywa vizuri. Hifadhidata inaweza kunakiliwa kila siku, au hata kila baada ya saa 2, wakati mafaili yananakiliwa mara moja kwa wiki, kwa kuwa picha za vyumba hazibadiliki kila siku ilhali maombi ya wageni hubadilika. Jambo moja lazima libadilishwe mara tu baada ya kuiweka: plagini huja ikiwa imepangwa kutunza nakala 2 tu, ya tatu ikiingia ya zamani inafutwa. Tovuti iliyopenyezwa msimbo wa kihalifu huweza kukaa hivyo wiki kadhaa kabla mtu hajagundua, na kufikia siku hiyo nakala zote mbili zitakuwa zimebeba ugonjwa uleule. Mimi hupandisha idadi ya hifadhidata hadi 14 na ya mafaili hadi 4, na mpaka sasa sijaona tovuti ndogo iliyoshindwa kuzibeba kwenye hifadhi ya bure.

Suala la mahali pa kuzitunza linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mtu asipochagua hifadhi ya nje, nakala hukaa kwenye folda ya updraft ndani ya seva ileile inayobeba tovuti. Ubaya wa kuweka mayai yote kwenye kapu hilo ulionekana Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021, moto ulipoteketeza jengo la seva la OVHcloud, kampuni ya kuhifadhi tovuti. Mamilioni ya tovuti yalizimika, na wapo wateja waliopoteza tovuti pamoja na nakala zake kwa kuwa vyote vilikuwa eneo moja. Toleo la bure linaruhusu kupeleka nakala Google Drive, Dropbox, Amazon S3 na kwingineko, ila ni sehemu moja tu kwa wakati. Wengi hapa huchagua Google Drive kwa sababu kila mwenye simu ya Android ana akaunti tayari. Ikumbukwe kwamba gigabaiti 15 za bure zinagawanywa na barua pepe na picha za simu, kwa hiyo akaunti iliyojaa video za harusi itakataa nakala mpya. Iwashe taarifa ya barua pepe ndani ya plagini, nayo ni ya bure, ili uone kama kazi ya usiku ilikamilika au ilikwama.

Wateja huniuliza kama kazi hiyo inakula bando. Haili. Seva huzungumza moja kwa moja na Google, na kompyuta ya Mwanza haihusiki, hata ikiwa imezimwa kwa sababu umeme umekatika. Nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024 na intaneti nchini ikawa ya kusuasua, safari ya mafaili kati ya seva ya Ulaya na Google haikuwa na sababu ya kupita kwenye nyaya hizo. Sisi tulioko huku ndio tulioshindwa kufungua kurasa zetu wenyewe. Bando huliwa pale unapotaka kupakua nakala ili uiweke kwenye diski ya nje, na bado napendekeza hilo lifanyike mara moja kwa mwezi, usiku, kwa sababu nakala iliyo mkononi haitegemei akaunti ya mtu.

Sasa kurejesha kwenyewe. Tovuti ya ile nyumba ya wageni ilipofunguka na ukurasa mweupe usio na kitu, nilikaa na mwenyewe mapokezi, kompyuta ikiwa juu ya kaunta. Nilipomwamkia shikamoo, mama aliitikia na kuunganisha swali humohumo: “Marahaba mwanangu. Picha za vyumba zitarudi, au tumwite mpiga picha aanze upya?” Kampuni iliyokuwa inahifadhi tovuti ilikuwa imeshaijibu barua yake kwamba haina nakala ya karibuni, kwa hiyo tulikodi nafasi kwingine, tukaweka WordPress mpya tupu, tukaweka UpdraftPlus, tukaiunganisha na Google Drive yake na kubonyeza kiungo cha kukagua upya hifadhi ya mbali. Orodha ya nakala za nyuma ikajitokeza na tarehe zake. Tulichagua ya juzi yake, tukatia alama mafungu yote matano, plagini ikayavuta kutoka Drive na kuyafungua moja baada ya jingine huku maandishi ya maendeleo yakishuka kwenye skrini.

Mambo mawili ya hatua hii humshtua asiyeyajua. La kwanza, hifadhidata ikisharudi, WordPress inakutoa nje na kudai uingie upya kwa nywila ya zamani, ile iliyokuwapo siku nakala ilipotengenezwa, si uliyoiweka dakika chache zilizopita. Kama nywila hiyo alikuwa nayo fundi aliyehama, ndipo utakapoanza kumtafuta. La pili, plagini haifuti mafaili iliyoyakuta. Huyaacha kwenye folda zenye mkia wa neno “old” na kukuonyesha kitufe cha kuzifuta ukisharidhika. Naona ni busara ya hali ya juu, maana ukichagua nakala mbovu kulikokuwapo hakujapotea. Lakini folda hizo huweza kuongeza nafasi inayotumika mara mbili, na kwenye vifurushi vya bei nafuu nafasi ikijaa tovuti huanza kuleta makosa mapya. Zifute baada ya kukagua kurasa zote.

Kilichookoa siku ile hasa ni kwamba Google Drive ilikuwa ya mama mwenyewe. Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wenzangu wengi wa mji huu, ambao huunganisha plagini na Gmail zao binafsi kwa kuwa ni haraka na mteja hajui tofauti. Fundi akigombana na mteja, akibadilisha akaunti au akifariki, nakala zote huondoka naye, na mwenye tovuti hubaki akilipia huduma ambayo ufunguo wake hauko kwake. UpdraftPlus haiwezi kulaumiwa kwa hilo, kwani inaunganishwa na akaunti yoyote unayoipa. Mwenye biashara anayesoma hapa amuulize fundi wake swali moja: nakala zinaingia kwenye barua pepe ya nani?

Mapengo niliyoyataja mwanzoni ni haya. Toleo la bure halinakili mafaili ya msingi ya WordPress wala wp-config.php, faili la mipangilio inayoiunganisha tovuti na hifadhidata. Hilo halitishi sana, kwa kuwa WordPress mpya huja na mafaili yake, lakini aliyeweka mipangilio maalumu ndani ya wp-config.php aiandike pembeni. Barua pepe za ofisi, zile zinazoanza na info na kuishia na jina la kikoa, hazimo kabisa, kwa sababu zinakaa kwenye seva nje ya WordPress. Nimekutana na watu waliohama kampuni wakijua wamebeba kila kitu, wakakuta miaka ya mawasiliano na wateja imebaki kule. Pengo jingine linatokana na WordPress yenyewe: saa yake ya ndani husukumwa na wageni wanaotembelea tovuti. Nakala iliyopangwa kutoka saa nane usiku haitatoka saa nane kama hakuna aliyefungua ukurasa. Itasubiri mgeni wa kwanza wa asubuhi. Kwa tovuti ya shule wakati wa likizo kuchelewa huko huweza kuwa kwa muda mrefu, na dawa yake ni kuweka kazi ya ratiba kwenye cPanel, paneli ya kusimamia akaunti ya seva, ili iisukume saa hiyo ya ndani kutoka nje.

Usalama wake umewahi kutetereka. Februari 2022 ilitangazwa dosari iliyomwezesha mtumiaji yeyote aliyesajiliwa kwenye tovuti, hata yule wa ngazi ya chini kabisa, kupakua nakala rudufu. Toleo la 1.22.3 liliziba tundu hilo, na WordPress ikalisukuma kwa lazima kwenye tovuti nyingi. Sioni sababu ya kuikimbia plagini kwa tukio lile, lakini linaonyesha kwamba nakala rudufu ni mali ya kuibwa sawa na tovuti yenyewe. Nakala ya nyumba ya wageni ina majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayezikusanya azilinde na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kusimba hifadhidata kwa siri kumo kwenye toleo la kulipia pekee. Kwa toleo la bure, kinga ni nywila imara na uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google.

Wapo wanaosema nakala za kampuni ya kuhifadhi tovuti au zile za cPanel zinatosha. Nakala kamili ya cPanel ni nzuri kwa kuwa inabeba hata barua pepe, na mimi huipakua kila robo mwaka kwa ajili hiyo, ila mteja wa kawaida hawezi kuirejesha mwenyewe. Lazima aiombe kampuni. Nakala za kampuni nazo ziko chini ya ratiba na masharti ya kampuni, ambayo mara nyingi yanasema wazi kwamba jukumu ni la mteja.

Toleo la kulipia, ambalo hulipiwa kwa mwaka, huongeza kunakili mabadiliko tu badala ya kila kitu, kupeleka nakala sehemu zaidi ya moja, na kujitengenezea nakala kabla ya kusasisha plagini. Bei hutozwa kwa kadi na kwa fedha za kigeni, na hilo huwasumbua wafanyabiashara wanaoishi kwa pesa za simu. Kwa duka la nyavu ambalo oda zake nyingi bado huja kwa simu, sioni haja ya kulipia. Nyumba ya wageni ikianza kupokea malipo kwenye tovuti hesabu itabadilika, kwa kuwa kati ya nakala moja na nyingine malipo kadhaa huweza kuingia na kupotea, na hapo ningependekeza toleo hilo likiambatana na hifadhidata inayonakiliwa kila baada ya saa 2.