Uzoefu wangu na presha kuka ya umeme kwa maharage makavu

Kitabu cha maelekezo kinasema maharage makavu dakika 35. Hizo ni dakika za presha peke yake. Ongeza robo saa ya kupandisha joto, ongeza nyingine kama hiyo ya kuacha mvuke ushuke wenyewe, utakuta umekaa saa moja na zaidi. Bado naipenda. Kwenye mkaa maharage hayohayo, bila kulowekwa, yananichukua saa mbili na nusu huku nachochea na kuongeza maji. Hapa nafunga mfuniko naenda kufua.

Yangu ni ya lita 6, wati 1000, niliinunua Kariakoo. Kinachofanya kazi ni mvuke uliofungiwa: maji yanapita nyuzi 100 yanafika kama 115, punje inalainika upesi. Nikiloweka usiku kucha, dakika 12 hadi 15 za presha zinatosha kwa maharage ya njano. Ya zamani yaliyokaa sana kwenye gunia yanataka zaidi, na muuza duka hatakwambia ni ya msimu gani.

Umeme ndio ulionishangaza. Nimesoma mita ya LUKU kabla na baada ya kupika, haijawahi kufika nusu uniti, kwa sababu ikishapata presha inawaka na kuzima yenyewe. Kwa shilingi 356 kwa uniti, hiyo haifiki 180. Mkaa wa hela hiyo huupati.

Sasa maji. Huku Tabata tunaotumia kisima tunajua: maji ya chumvichumvi yanayafanya maharage yagome. Kalsiamu na magnesi zinakaza ganda, na hata presha haimalizi tatizo, utaongeza dakika kumi na bado utakuta punje ngumu. Mimi natenga dumu la maji ya bomba kwa ajili ya maharage tu. Nyanya nazo haziingii mwanzoni, uchachu wake unachelewesha kuiva.

Maharage ya nazi yanatoka vizuri sana, ila tui liingie mwishoni. Ukilifungia kwenye presha linakatika na mafuta yanaelea juu. Nikishafungua mfuniko nabonyeza kitufe cha kukaangia, naacha supu ipungue, kisha tui zito na chumvi. Vitunguu na nyanya nakaanga kando kwenye kikaango. Ukitaka kuosha chombo kimoja, anza na vitunguu humohumo, lakini ladha si ileile.

Usijaze kupita nusu. Maharage yanatoa povu, povu linaziba tundu la mvuke. Kijiko kimoja cha mafuta kinalipunguza. Na usifungulie mvuke kwa pupa: supu inaruka na maharage yanapasuka maganda. Mama mkwe alipokuja kututembelea alisimama mlangoni akisema, "Mwanangu, hilo si bomu?" Nikamwonyesha kipini kinachoinuka, kikiwa juu mfuniko haufunguki hata ulazimishe. Alikubali kuingia, ila analalamika hawezi kuonja katikati. Hapo ana haki.

Kama yako ina kitufe cha kupika polepole, usikitumie kwa maharage mekundu. Yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko kamili, na joto la polepole huenda lisifike huko.

Kasoro? Mpira wa mfuniko unashika harufu. Ubwabwa wa kesho yake ukanukia kitunguu saumu, kwa hiyo nina mpira wa pili wa wali. Umeme ukikatika, inasahau dakika zilizobaki, unaanza kukisia. Na kilo nzima haiingii kwa usalama: napika nusu kilo kwa lita moja na nusu ya maji, chakula cha watu watano au sita. Mama ntilie wa sufuria kubwa atafute kubwa zaidi au abaki na jiko lake.