Kadi ya grafiki kwa pawasaplai ya wati 240: angalia ubavu wa kadi kwanza

Saa sita usiku, video ya harusi ya mteja inakaribia kutoka, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikachomoa waya ukutani, nikafungua kompyuta yangu, Dell OptiPlex 7050 ya mtumba. Kichwa cha waya wa diski kilikuwa cha kahawia, pini moja imezama kwenye plastiki iliyoyeyuka.

Kadi ya grafiki ilikuwa GTX 1650, toleo lenye soketi ya pini sita, yaani tundu la kuchomekea waya wa ziada wa umeme. Pawasaplai yangu, lile boksi linaloipa kompyuta umeme, haina waya wa pini sita, kwa hiyo muuzaji kule Kariakoo alinipa adapta inayochukua umeme kwenye waya wa SATA, ule wa diski. "Inapiga kazi dada, usiwe na wasiwasi." Kichwa cha SATA kinabeba wati 54 tu kwenye volti 12. Soketi ya pini sita inaruhusiwa kuvuta mpaka 75. Ndiyo maana kiliyeyuka.

Tangu siku hiyo siulizi GB, ukubwa wa kumbukumbu ya kadi, kwanza. Natazama ubavu wa kadi: ukiona soketi ya pini, irudishe palepale. Isiyo na soketi inakula umeme wa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) peke yake, na sloti inapochomekwa haitoi zaidi ya wati 75. Prosesa yangu i5-7500 ni wati 65, kadi 70, diski na feni wekea 40. Jumla 175, pawasaplai ya 240 inapumua.

Chaguo langu la kwanza ni MSI RTX 3050 LP (LP ni toleo fupi) ya GB 6. Kampuni ya MSI naipenda, sifichi. Wati 70, haina soketi, ni fupi, inaingia hata kwenye keshi (kasha la kompyuta) nyembamba. Ila hiyo "6" isome kwa macho yako, maana RTX 3050 ya GB 8 inavuta wati 130 na inataka waya wake. Jina lilelile! Ikikosekana, chukua GTX 1650 LP ya MSI, nayo haina soketi.

RX 6400 ya AMD ni wati 53 tu, inatamanisha, lakini haina kabisa sehemu ya kutengenezea faili la video. Kazi yote inaangukia prosesa. Kwa sisi wa harusi haifai.

GT 1030 ni ya kuongezea skrini tu. Ukiichukua, iwe yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5, siyo DDR4.

Kinachoniuma ni wauzaji. Boksi limezungushiwa gundi, hufungui mpaka ulipe, na risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Nilirudi na adapta iliyoyeyuka mkononi, yule kaka akanionyesha maandishi hayo kwa kidole. Hakuniuliza hata kama nyumba imepona.

Sasa kadi inatolewa kwenye mfuko wake nikiona, ndipo hela inatoka. Muuzaji akikataa, naenda duka la pili.