Kupiga 113 kabla ya kutoa hongo: tathmini ya huduma ya TAKUKURU kwa mkazi wa Temeke

Wengi wetu Dar es Salaam tukisikia TAKUKURU huwaza vigogo waliopandishwa kizimbani Kisutu na hasara za mabilioni. Mimi pia nilidhani hivyo, hadi mdogo wangu ambaye ni mama lishe alipokwama katika ofisi moja ambayo sitaitaja, baada ya mhudumu kumwambia kwamba kibali chake kingetoka upesi iwapo angetoa "hela ya soda", shilingi 150,000. Kwake hiyo ni fedha ya mchele, mafuta na mkaa. Tuliamua kupiga 113, namba ya bure ya Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, na ninayoyaandika hapa ni tathmini ya huduma hiyo kwa mtu wa kawaida asiye na wakili wala ndugu mwenye cheo.

Aliyepokea simu alimsikiliza mdogo wangu mpaka mwisho, kisha akamuuliza aliyeomba fedha ana wadhifa gani, aliomba lini, aliomba kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu, na kama fedha ilikuwa imeshatolewa. Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, anayetoa na anayepokea wote wanatenda kosa, na mwananchi anayetoa taarifa mapema huwapa wachunguzi nafasi ya kuandaa fedha za mtego, ambazo namba zake huwa zimeandikwa kabla hazijakabidhiwa. Anayelipa kwanza, akachukua kibali chake na kulalamika baadaye, hubaki na maneno matupu, naye mwenyewe akiwa amejiweka pabaya. Mitaani kwetu hili halifahamiki vya kutosha, na ninaliona lina faida kuliko mabango mengi ya kukataza rushwa.

Kesho yake tulikwenda kwenye ofisi yao ya Temeke. Maelezo yaliandikwa kwa Kiswahili, akasomewa, akarekebisha sehemu mbili, ndipo akatia saini. Hofu yake kubwa ilikuwa kujulikana, maana genge lake liko hatua chache tu kutoka kwenye ofisi aliyoilalamikia. Afisa, aliyekuwa akimwita "mama" kwa heshima muda wote, alimweleza kwamba sheria inalinda utambulisho wa mtoa taarifa, na kwamba tangu mwaka 2015 ipo pia sheria mahususi ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Mdogo wangu alitoka pale akiwa ametulia, na kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kuhalalisha nauli ya daladala.

Inafaa mtu aende akijua mipaka ya taasisi hii. TAKUKURU huchunguza, huelimisha, hushauri na huendesha mashtaka, lakini haimfukuzi mtumishi kazi wala haitoi hukumu. Kosa la hongo la kifungu cha 15 cha Sheria ya 2007 linaweza kupelekwa mahakamani bila kusubiri kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, ilhali makosa mengine ya sheria hiyo yanahitaji ridhaa yake ya maandishi. Kasoro ninayoiona iko kwenye sheria yenyewe: kwa kosa hilo la kifungu cha 15 iliweka faini ya kati ya shilingi 500,000 na 1,000,000, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Kifungo ni kikali, lakini faini hiyo, kwa mtu anayeomba 150,000 kwa kila mwenye shida, hurudi ndani ya wiki moja. Natamani Bunge liitazame upya.

Sehemu ya kazi yao isiyosifiwa vya kutosha ni kuzuia. Kikosi cha Kuzuia Rushwa kilianza mwaka 1975, kikageuzwa kuwa taasisi mwaka 1991, na ripoti ya mwaka 1996 ya Tume ya Jaji Warioba, iliyochunguza rushwa nchini, ilionyesha wazi jinsi hongo ilivyokuwa imezoeleka katika huduma za kila siku. Sheria ya 2007 inaipa taasisi jukumu la kuchambua mifumo ya ofisi za umma na za binafsi, kutafuta mianya, na kushauri namna ya kuiziba. Mhudumu mmoja anapokaa na faili, akapanga mwenyewe tarehe na kupokea fedha mkononi, mwanya uko hapo hapo, hata akiwekwa mtu mwingine kesho. Programu ya TAKUKURU Rafiki, inayowakutanisha wananchi na watoa huduma kwenye kata, ni mahali pazuri pa kuyasema haya kabla hayajawa kesi. Mtaa wako ukitangaziwa kikao hicho, nenda, hata kama kimewekwa asubuhi ya siku ya kazi.

Uchunguzi ni wa siri, kwa hiyo yatakayompata yule mhudumu hatuyajui. Kibali kilitoka kwa ada iliyobandikwa ukutani, kikiwa na risiti ya serikali, na mdogo wangu amevitundika vyote viwili juu ya meza ya kukatia mboga, ndani ya mfuko wa nailoni ili moshi usiviharibu.