Nyota mbili kwa mafunzo ya kuzuia dawa za kulevya shuleni

Mwanangu amemaliza mafunzo haya yanayogharamiwa na kodi zetu. Wakufunzi walijiandaa, hilo sina ubishi. Kilichonigusa ni kipindi cha kuigiza: mtoto anapewa sigara na rafiki yake, naye anatafuta maneno yake mwenyewe ya kukataa bila kugombana. Kwingine kote ilikuwa mihadhara na picha za kutisha.

Kinachoniuma ni tathmini. Siku ya mwisho watoto waligawiwa fomu: umefurahia? umejifunza? Wakaweka alama ya vema, na ripoti ikasema mradi umefaulu. Kwa ushahidi upi? DARE, programu ya Marekani ya kuwafundisha wanafunzi kuepuka dawa za kulevya, iliyoanzia Los Angeles mwaka 1983, ilipendwa mno na wazazi. Mwaka 2003 wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo walipitia tafiti za muda mrefu, wasione tofauti ya maana katika matumizi ya dawa kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa.

Nawasihi waandaaji: wafuatilieni watoto hawa mwakani na miaka inayofuata, na muwalinganishe na wenzao ambao mafunzo hayajawafikia. Na kile kipindi cha kuigiza, kiongezeni muda.